Sarafu ni ya nani? Kisa cha mkusanyiko mmoja wa Lubumbashi kupangwa kwenye albamu

Majina, mtaa na kazi za wahusika vimeondolewa. Kilichobaki ni sarafu zenyewe, vifaa na maamuzi.

Usuli

Mzee mmoja wa Lubumbashi alifariki akaacha sarafu 231. Matanga yalipokwisha, familia ilikubaliana kwamba zisiuzwe wala zisigawanywe. Binti wa kwanza alipewa jukumu la kuzitunza na kutengeneza albamu ambayo ndugu na wageni wangeweza kuifungua sebuleni. Washauri wengine walikuwa baba mdogo, ambaye neno lake lina uzito, na mdogo wake binti huyo, aliyeweka pesa ya vifaa.

Sarafu zilikuwa sehemu tatu. Kiasi cha mia moja zilikuwa kwenye kurasa laini za plastiki zenye vifuko, zile za kuwekea kadi za biashara. Nyingi ya zilizobaki zilijazwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Chache zilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa mpira. Pamoja nazo kulikuwa na msalaba mmoja wa shaba, ule wa biashara ya zamani ya Katanga, eneo la Lubumbashi, takribani sentimeta 20 kutoka ncha hadi ncha.

Marehemu alikuwa na mpango wake: alipanga kwa rangi ya madini. Nyekundu pamoja, njano pamoja, nyeupe pamoja. Ni mpango unaopendeza kwa mtu anayezijua sarafu zake kwa kichwa. Kwa mtu mwingine yeyote ni fumbo, kwa sababu aluminiamu ya miaka ya 1950, shaba-nikeli ya 1910 na makuta ya Zaire vinakaa safu moja bila kuambiana kitu.

Hali ya sarafu zilipofunguliwa

Kurasa laini zilikuwa zinanata, zikitoa harufu ya kapeti mpya la gari. Kwenye sarafu kumi na tisa, zaidi za shaba na za shaba-nikeli, kulikuwa na utando wa kijani wenye mafuta, hasa karibu na maandishi. Hiyo ndiyo alama ya PVC. Plastiki hiyo hulainishwa kwa viungo ambavyo baada ya miaka hutoka juu, na PVC yenyewe ikioza hutoa asidi inayokula shaba. Joto huongeza kasi, na kabati lilikuwa limeegemea ukuta unaopigwa na jua la mchana.

Ili kuhakikisha, walifanya jaribio la Beilstein nje ya nyumba. Waya wa shaba ulichomwa kwenye mwali mpaka mwali ukaacha kubadilika rangi. Ukagusishwa kwenye kipande cha ukurasa ukiwa bado wa moto, kisha ukarudishwa motoni. Mwali uligeuka kijani, maana yake kuna klorini. Jaribio hili halifanywi chumbani, wala moshi wake hauvutwi. Na sampuli hukatwa kwenye pembe ya ukurasa mtupu, sarafu zikiwa mbali.

Kopo lilikuwa na tatizo la namna nyingine. Sarafu za aluminiamu za 1 franka na 5 franka zenye mchikichi zilikuwa na vidonda vya kugongwa na shaba nzito. Vidonda hivyo havina dawa. Moja ya zile za bahasha ilikuwa na mstari mweusi katikati ya uso: mpira una salfa, na salfa huchafua madini ya fedha na shaba hata kupitia karatasi.

Kulikuwa pia na hasara ya zamani. Sarafu mbili kubwa za 10 sentimu za Dola Huru ya Kongo, ile ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ziliwahi kusuguliwa kwa ndimu na majivu. Ziling'aa, kwa rangi ya waridi isiyokuwepo kwenye shaba iliyozeeka vizuri. Kwa mkusanyaji, ngozi ile ya kahawia iliyoondolewa ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya thamani.

Mambo yalivyofuatana

Kazi ya kwanza ilikuwa kutenganisha, kabla ya kununua chochote. Meza ilitandikwa taulo ili sarafu ikianguka isiumie. Kila moja ilishikwa kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, kamwe si kwa nyuso. Zikapigwa picha mbele na nyuma kwa simu, zikaandikwa kwenye kaye, yaani daftari: jina la mtoaji (dola au benki iliyoitoa sarafu), thamani, mwaka, lugha ya maandishi, madini, kipenyo, hali, na zilikotoka ikiwa inajulikana.

Hesabu ilipokamilika, aina na miaka tofauti zilikuwa 74. 157 zilikuwa nakala, yaani zinazorudia zile 74. Mgawanyo wa zile 74 ulikuwa hivi: Dola Huru ya Kongo 6, Kongo ya Wabelgiji 31, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi 9, Katanga 2, Kongo baada ya uhuru 4, Zaire 8, na nchi jirani 14 (Zambia, Rhodesia, Angola, na senti zenye tundu za Afrika Mashariki ya Waingereza).

Hapo ndipo haraka ilipoingia. Mdogo mtu alikuwa na jamaa anayerudi kutoka Afrika Kusini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, akaagiza fremu za karatasi ngumu, za kufungia sarafu moja moja, kabla ya vipenyo kupimwa: 50 zenye dirisha la milimita 22.5 na 50 zenye dirisha la 25. Zilipofika, sarafu kubwa za shaba hazikuingia, wala 2 franka ya 1943. Hiyo ya 1943 ina pembe sita, ni ya shaba-zinki yenye tembo, na ilipigwa Philadelphia wakati wa vita. Ilikaa ndani ya bahasha ya karatasi mpaka mzigo wa pili ulipokuja.

Mzigo wa pili ulipimwa. Fremu hizi zote ni milimita 50 kwa 50 kwa nje. Kinachobadilika ni dirisha: 17.5, 20, 22.5, 25, 27.5, 30, 32.5, 35 na 39.5. Kanuni waliyoifuata ni kuchukua dirisha linalozidi kipenyo cha sarafu kwa milimita 1 hadi 3. Likibana, karatasi hugusa ukingo. Likizidi sana, sarafu hutembea ndani na kujikwaruza. Kwa sarafu ya pembe sita hupimwa kutoka pembe hadi pembe, si kutoka ubavu hadi ubavu. Walitumia kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo) ya plastiki, kwa kuwa ile ya chuma ya gereji hukwaruza.

Sarafu zenye utando wa kijani zilisafishwa kwa asetoni tupu. Si ile ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo mara nyingi ina mafuta, manukato na rangi. Bakuli lilikuwa la kioo. Sarafu zililazwa bila kugusana, dakika kumi kwenye bakuli la kwanza, kisha suuzo kwenye bakuli la pili lenye asetoni safi, kisha zikaachwa zikauke zenyewe juu ya karatasi nyeupe ya jikoni. Hakuna kusugua. Madirisha yalifunguliwa na mbabula, yaani jiko la mkaa, ikatolewa uani, maana mvuke wa asetoni hutambaa chini na kufuata moto. Umeme ukikatika katikati ya kazi hii, haiwashwi mishumaa. Bakuli hufunikwa na kazi inaahirishwa.

Zile zilizokuwa na vumbi tu zilioshwa kwa maji yaliyotoneshwa. Hapa kuna mtego wa mjini: gereji huuza "maji ya betri" ya aina mbili, maji matupu ya kuongezea na asidi ya kujazia betri mpya, wakati mwingine kwenye chupa zinazofanana. Walinunua duka la dawa.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi uliobishaniwa zaidi ulikuwa wa mpangilio. Kulikuwa na njia tatu mezani.

Ya kwanza ilikuwa kuendelea na rangi za marehemu, kwa heshima. Iliachwa mapema, lakini picha za kurasa zake za zamani zilipigwa na kuhifadhiwa, na hilo lilimtuliza baba mdogo.

Ya pili ilikuwa kupanga kwa jina la pesa: sentimu na franka upande mmoja, sengi, makuta na zaire upande mwingine. Inaonekana nyepesi, hadi ufike 1967. Mwaka huo zaire ilichukua nafasi ya franka, zaire 1 kwa franka 1,000, nayo ikagawanywa kwa makuta 100 na sengi 10,000. Lakini nchi yenyewe iliitwa Zaire mwaka 1971 tu. Kwa hiyo 10 sengi yenye chui na 5 makuta yenye sura ya Mobutu, zote za 1967, zinabeba jina la Benki ya Taifa ya Kongo. Ukipanga kwa jina la pesa, 5 makuta ya 1967 inalala na 5 makuta ya 1977 kana kwamba nchi haikubadilisha jina.

Ya tatu ndiyo iliyoshinda: kupanga kwa mtoaji, yaani jina la dola au benki lililochapwa kwenye sarafu yenyewe, kisha ndani ya kila mtoaji kwa mwaka, kisha kwa thamani. Faida yake ni kwamba humlazimisha mtu asome sarafu badala ya kuitazama. Sarafu ndogo zenye tundu na nyota za 1906 na 1908 zinafanana sana na za 1910 na kuendelea. Za kwanza ni za Dola Huru ya Leopold II; za pili ni za Kongo ya Wabelgiji, kwa sababu Ubelgiji ilichukua koloni Novemba 1908. Kwenye mpango wa rangi zilikuwa kundi moja. Sasa ziko kurasa mbili.

Njia hiyo pia ilitatua suala la lugha. Sarafu za 50 sentimu na 1 franka za Mfalme Albert I wa Ubelgiji zilipigwa kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi, nyingine mwaka uleule. Marehemu alizihesabu kuwa nakala na nane zilikuwa ndani ya kopo. Zilipandishwa albamuni, kila jozi ya mwaka mmoja ikikaa bega kwa bega, Kifaransa kushoto.

Katanga ilileta maneno. Sarafu mbili za shaba nyeusi za 1961, 1 franka na 5 franka, upande mmoja ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba. Baba mdogo alitaka zifungue albamu.

"Mama, hii ya ndizi weka mbele. Sisi ni watu wa hapa."

"Baba, nikiiweka mbele, ya Leopold itakuja nyuma ya mwaka wa 61. Mgeni ataniuliza kwa nini, nami sitakuwa na jibu."

Mdogo mtu alitaka kinyume: zikae droo, kwa kuwa sebule hiyo hupokea watu wa kila jimbo na kila mmoja ana historia yake. Hoja zote mbili zilikuwa na msingi. Kilichoamuliwa ni kuziacha mahali pa miaka yake, baada ya Kongo ya Wabelgiji na Ruanda-Urundi na kabla ya 10 franka ya 1965 yenye kichwa cha simba. Zilipewa ukurasa wao peke yao, na kikadi chenye tarehe tupu: kujitenga kulitangazwa 11 Julai 1960, kukaisha Januari 1963, sarafu zina mwaka wa 1961. Hakuna kivumishi hata kimoja kwenye kikadi hicho. Picha ya msalaba wa familia iliwekwa vifuko viwili chini yake. Msalaba wenyewe haukuingia albamuni kwa sababu za wazi. Ulifungwa kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila wanga, ukawekwa ndani ya sanduku la karatasi.

Ya vifaa yaliamuliwa haraka. Albamu zenye matundu yaliyokatwa tayari zilikataliwa, kwa kuwa hutengenezwa kwa mfululizo wa nchi fulani, na nyingine huonyesha uso mmoja tu. Walichukua klaseri (jalada gumu) ya pete nne na kurasa za polipropilini, plastiki isiyo PVC, zenye vifuko 20 kila mmoja. Fremu zilikuwa na dirisha la poliesta, za kufungwa kwa stepla badala ya zenye gundi. Gundi kwenye joto la Oktoba inaweza kulainika na kutembea.

Sarafu mbili za madini ya fedha, 1 franka ya 1887 na 50 franka ya 1944 yenye tembo, ziliwekwa kwenye vikasha vya plastiki ngumu na kufungiwa kwingine. Ndani ya albamu kuna picha zake kwa ukubwa halisi. Albamu ya sebuleni hupita mikono mingi, na habari zake hutoka nje ya nyumba.

Namna fremu zilivyofungwa

Maandishi yaliandikwa kwanza, fremu ikiwa tupu. Ukiandika kwa kalamu ya bic juu ya fremu yenye sarafu ndani, ncha hupenya na kuacha alama, hasa kwenye aluminiamu. Juu: mtoaji na thamani. Chini: mwaka na lugha. Nyuma: namba ya kaye, kipenyo na hali.

Fremu ilifunguliwa, sarafu ikalazwa katikati ya dirisha, ikakunjwa, ikapigwa pini tatu za stepla, moja kila upande uliokuwa wazi. Kisha kila pini ilibanwa kwa koleo hadi mgongo wake ukalala. Hatua hii ya koleo ndiyo watu huiruka. Pini iliyoachwa na meno yaliyoinuka hukwaruza sarafu ya ukurasa unaofuata kila klaseri inapofungwa. Na ukitaka kuitoa sarafu baadaye, kata karatasi kwa mkasi mbali na sarafu. Usingoe pini.

Matokeo

Albamu ilikamilika ikiwa na kurasa nane: moja ya Dola Huru, mbili za Kongo ya Wabelgiji, kisha moja moja kwa Ruanda-Urundi, Katanga, Kongo baada ya uhuru, Zaire na majirani. Nakala 157 ziliingia kwenye vibahasha vya karatasi isiyo na asidi, aluminiamu peke yake, kila kibahasha na namba yake.

Ilikaguliwa mwishoni mwa masika, mwezi wa nne. Kati ya sarafu kumi na tisa zilizosafishwa, kumi na saba zilibaki bila mabadiliko. Mbili zilionyesha tena vidoa vya kijani, vikavu safari hii, kwa sababu asidi ilikuwa imeshakula madini chini ya utando. Hizo zilitolewa na kutengwa. Pini kadhaa kwenye ukurasa wa kwanza zilikuwa na kutu, na sababu ilipatikana upesi: klaseri ilikuwa imerudishwa kwenye kabati lilelile la ukuta wa nje.

Kilichofaulu na kilichoshindwa

Kaye ndiyo iliyookoa kazi. Kwa kuwa kila sarafu ilikuwa na namba kabla ya kuwa na mahali, ubishi wa mpangilio haukuhitaji kugusa sarafu hata moja. Walisogeza vipande vya karatasi vyenye namba mezani hadi wakakubaliana. Ndugu wakibishana huku wameshika sarafu, kinachoumia ni sarafu.

Mpangilio wa mtoaji ulifanya ilivyotarajiwa, ila una gharama. Sura mbili za Mobutu, ya 1967 na ya 1977, sasa ziko kwenye kurasa mbili tofauti, na wageni hupenda sana kuzilinganisha. Suluhisho lilikuwa kikadi kidogo kwenye kila ukurasa kinachotaja namba ya mwenzake. Si kamili, lakini linatosha.

Nafasi tupu zilileta shida isiyotarajiwa. Kwenye kurasa mbili za Kongo ya Wabelgiji vifuko tisa vilibaki, na binti aliviwekea fremu tupu zenye thamani na miaka inayokosekana. Pengo lenye jina huita kununua. Katika msimu huo huo mdogo mtu alijaza matatu kwa sarafu za barabarani, na mbili kati yake zilikuwa zimeng'arishwa kwa dawa ya shaba. Ilikuwa heri orodha ya zinazokosekana kukaa kwenye kaye, na vifuko vikae vitupu bila kusema kitu.

Ukurasa wa Dola Huru ulikuwa mzito kuliko mingine na ulianza kulegea kwenye matundu ya pete, klaseri ikiwa imesimama. Sarafu nne kubwa zilikuwa zimewekwa safu ya chini. Zilihamishiwa upande wa pete, safu wima moja, na ukurasa ukanyooka. Mtu anayeanza na shaba kubwa za 1888 na 1889 afanye hivyo tangu mwanzo.

Kuhusu kabati: kifaa cha kupima unyevu ni cha bei ndogo kuliko fremu mia, lakini kilinunuliwa mwisho. Lengo ni chini ya asilimia 50, na zaidi ya kiwango chenyewe, kisipande na kushuka. Klaseri sasa iko kwenye kabati la ukuta wa ndani, ndani ya sanduku lenye kifuniko na pakiti za silika jeli, zinazonyonya unyevu, zinazopashwa moto upya rangi yake ikibadilika. Gazeti lililokuwa limetandikwa kwenye rafu limeondolewa. Karatasi yake ina asidi.

Ukurasa wa majirani bado haujatulia. Sarafu 14 kutoka nchi nne zimepangwa kwa mwaka tu, kinyume cha kanuni ya albamu nzima, na senti zenye tundu za Afrika Mashariki zimechanganyika na sarafu za nchi nyingine. Binti anafikiria kuzitoa zote na kuzipa klaseri ndogo. Baba mdogo anasema zibaki, kwa kuwa marehemu alizipokea mkononi kama malipo, na kaye inathibitisha hivyo kwa sita kati yake.